Safu ya Mwisho

Kiwanda cha sabuni kilimlipa Mama Pacha nusu ya kiinua mgongo chake kwa fedha taslimu na nusu kwa karatasi. Fedha taslimu zilikwisha kabla hajafika nyumbani, maana duka la mchele lilikuwa njiani na mwenye duka alikuwa amesimama mlangoni akimsubiri. Iliyofika ni karatasi. Ilisema kwamba yeye, aliyefungasha sabuni kwa miaka kumi na tisa, sasa alikuwa mmiliki wa hisa elfu moja na mia mbili za kampuni iliyompunguza kazini.

"Kwa hiyo kiwanda ni chako?" aliuliza Bibi, mama mzazi wa mumewe, aliyekuwa ameketi mkekani akichambua mchele.

"Si changu chote, Mama. Ni kipande tu."

"Kipande gani? Chenye ofisi au chenye choo?"

Mama Pacha hakujua. Aliiweka karatasi chini ya godoro, akavua viatu na kuanza kukanda miguu yake. Hakuwa na nguvu za kufikiria kiwanda siku hiyo. Kichwani mwake kulikuwa na jambo moja tu: kibanda.

Mumewe alikuwa fundi wa kufuli na funguo, na mtaa mzima ulimwita Fundi Kufuli. Kwa miaka kumi na minne alichonga funguo katika kibanda cha mabati ambacho mtu mnene asingeweza kugeukia ndani. Kibanda kilikuwa cha mtu aliyeitwa Tajiri. Aliitwa hivyo kwa kuwa alikuwa na vibanda vinne na bafu moja la kulipia, na mtaani pale hilo lilitosha. Wiki hiyo Tajiri alikuwa amepita na kusema, bila hata kushuka kwenye baiskeli yake, kwamba anakiuza kibanda kwa elfu tisini. Fundi akizipata kufikia Alhamisi ya wiki ijayo, ni chake. Asipozipata, kinachukuliwa na muuza kuku.

"Tajiri, mimi nimekaa hapa miaka kumi na minne," Fundi alimwambia.

"Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza," Tajiri alijibu. "Kuku sijawaambia bado."

*

Jumanne asubuhi Fundi aliazima gazeti kwa kinyozi wa jirani, kama kawaida yake. Kinyozi hakuwa mtu wa kusoma kurasa za biashara. Kila siku alichana kipande cha juu cha ukurasa huo akafutia wembe. Kwa hiyo jedwali la soko la hisa lilimfikia Fundi bila kichwa. Lilikuwa na majina ya kampuni upande mmoja na safu tano za namba, lakini maneno ya juu ya kueleza safu ipi ni ya nini yalikuwa kwenye ndoo ya takataka, pamoja na povu na ndevu za watu.

Fundi alishuka na kidole mpaka kwenye Sabuni. Palikuwa pameandikwa 41, kisha 43, kisha 40, kisha 42, na mwisho kabisa 18,600.

Alisoma tena. Akafunga kibanda. Akakimbia nyumbani na gazeti la watu.

"Mama Pacha! Toa ile karatasi!"

"Kuna nini?"

"Hisa moja ni elfu kumi na nane na mia sita!"

Mama Pacha alikuwa anafua. Alifuta mikono kwenye nguo yake na kuinama juu ya gazeti. "Na hizi arobaini na moja, arobaini na tatu?"

"Hizo ni namba za mstari."

"Mstari gani una namba nne?"

"Wewe shuleni jibu la hesabu ulikuwa unaandika wapi?" Fundi aliuliza, akimtazama kwa huruma. "Mwanzo au mwisho?"

"Mwisho."

"Basi."

Alichukua kipande cha mkaa akapiga hesabu sakafuni. Elfu kumi na nane na mia sita mara elfu moja na mia mbili. Alikosea mara mbili, mara ya tatu akapata milioni ishirini na mbili, laki tatu na elfu ishirini. Wote watatu waliizunguka namba ile sakafuni kama watu walioona nyoka.

"Nataka meno," alisema Bibi.

"Utapata meno, mama yangu."

"Ya juu na ya chini."

"Ya juu na ya chini na ya akiba."

Mama Pacha peke yake hakucheka. "Baba Pacha, mimi kile kiwanda nakijua. Glavu tulikuwa tunagawana, wewe mkono wa kulia, mwenzako wa kushoto. Milioni ishirini na mbili watoe wapi?"

"Kwa kubania glavu," Fundi alijibu, akatoka.

Alikwenda moja kwa moja kwa fundi cherehani akaagiza suti ya rangi ya kijivu, akapimwa kifua, mabega na mguu. Hakulipa hata senti. Alitaja tu namba. Baada ya hapo akaenda bafuni kwa Tajiri. Tajiri alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, akipokea malipo ya watu wanaokwenda kuoga.

"Kile kibanda," alisema Fundi, akijaribu kuonekana mtu mwenye mambo mengi. "Nipe bei ya vyote vinne."

Tajiri alicheka. Fundi akamwonyesha gazeti, akamweleza kuhusu namba za mstari na kuhusu jibu linakokaa. Kicheko kikakatika. Katika miaka kumi na minne Tajiri hakuwahi kumkaribisha Fundi kiti. Siku hiyo alisimama, akakifuta kiti kwa mkono wa shati lake, akasema, "Karibu, mheshimiwa." Fundi akaketi. Alikaa pale muda mrefu kuliko alivyohitaji, na aliporudi kazini alikuwa ameoga bure.

*

Jumatano safu ya mwisho ilisema 310.

Fundi alirudi nyumbani anatembea polepole. Alikaa kizingitini, gazeti mapajani.

"Jana tulikuwa na milioni ishirini na mbili," alisema. "Leo tuna laki tatu na elfu sabini na mbili."

"Nani kaziiba?" aliuliza Bibi.

"Hakuna mwizi, Mama. Ni soko."

"Soko lina mlango. Waulize walinzi."

Bibi hakuridhika mpaka alipokwenda kukagua kufuli la nyumba yao. Alilikuta zima, na hilo likamtia wasiwasi zaidi. Kwa mujibu wa hesabu ya Fundi mwenyewe, laki tatu na elfu sabini na mbili zilitosha kununua kibanda mara nne; lakini mtu aliyelala na milioni ishirini na mbili haamki na laki tatu akashukuru. Alikwenda kuahirisha suti. Fundi cherehani akamjibu kwamba koti limekwisha kukatwa, ila suruali inaweza kusubiri uchumi utulie.

Alhamisi safu ya mwisho haikuwa na namba kabisa. Palikuwa na kistari.

Fundi aliingia chumbani, akapanda kitandani na viatu vyake, akajifunika shuka mpaka kichwani. Kinyozi alimfuata kudai gazeti lake. Alipoona mtu amefunikwa hivyo, na Bibi ameketi pembeni ameshika tama, alivua kofia. Dakika chache baadaye jirani wa mbele alikuja na chupa ya chai, na wa nyuma akaja na viti.

"Poleni jamani. Nani ametutoka?" jirani wa mbele alinong'ona.

"Sabuni," alijibu Bibi.

"Alikuwa anaumwa?"

"Jana alishuka sana. Leo kistari."

Tajiri naye alifika, akasimama mlangoni. Mama Pacha alitarajia atakumbusha habari za kibanda mbele ya watu, na alikuwa amejiandaa kuona aibu. Tajiri hakukumbusha. Aliomba kuona gazeti. Aliliangalia lile la Jumanne, akaliangalia la leo, akameza mate.

"Juzi elfu kumi na nane na mia sita," alisema taratibu. "Leo hakuna kitu. Yaani mtu anaweza kuziokota."

"Kuziokota vipi?" Mama Pacha aliuliza.

"Pole sana, shemeji," alisema Tajiri, akarudi nyuma, akapanda baiskeli kabla pole yake haijaisha.

Mama Pacha alitazama nyumba yake imejaa wafiwa wa sabuni. Akaitoa karatasi chini ya godoro, akavaa viatu.

"Unakwenda wapi?" ilisema sauti chini ya shuka.

"Kuuliza. Tangu Jumanne hakuna aliyeuliza, tunasoma tu."

"Subiri nivae," alisema Bibi. "Kama ni msiba, na mimi ni mfiwa."

*

Ofisi ya dalali wa hisa ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu. Mlinzi wa mlangoni aliwatazama miguuni, akawaambia wanaokuja kufanya usafi wanapitia nyuma. Mama Pacha alikuwa ameshageuka kwenda nyuma, kwa mazoea tu ya miaka kumi na tisa, ndipo Bibi alipomkamata mkono na kumwonyesha mlinzi ile karatasi.

"Huyu ni mmiliki," alisema. "Wewe unamiliki nini?"

Mlinzi akafungua mlango.

Ndani kulikuwa na mabenchi matatu, feni moja iliyokuwa inalia, skrini kubwa ukutani yenye namba zilizokuwa zinapita, na karani mmoja nyuma ya kioo chenye madirisha mawili. Karani alikuwa dada wa makamo mwenye miwani ya kamba, na kwenye droo yake aliweka karanga. Alitafuna moja kila alipomaliza mteja mmoja.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kuuliza hiki kistari."

Mama Pacha alieleza yote: elfu kumi na nane, mia tatu na kumi, kistari, mume kitandani. Alipofika kwenye habari za jibu kukaa mwisho, karani alipaliwa na karanga ikabidi anywe maji.

"Samahani, mama. Si wewe ninayekucheka." Alitoa gazeti lake lenye vichwa vyote, akaweka kalamu juu ya safu ya kwanza. "Hii ni bei ya kufungua. Soko lilipoanza asubuhi, hisa ya kwanza iliuzwa arobaini na moja. Hii ya pili ni bei ya juu kabisa kwa siku hiyo, arobaini na tatu. Hii ni ya chini kabisa, arobaini. Hii ya nne ni ya kufunga: ya mwisho walipoacha kuuziana jioni, arobaini na mbili. Mtu akikuuliza hisa yako ni bei gani, unamwambia hii."

"Na hii elfu kumi na nane?"

"Hiyo si bei. Ni idadi. Siku hiyo hisa elfu kumi na nane na mia sita zilibadilisha mikono."

Mama Pacha alifumba macho. Akaiona ile karatasi ya zamu iliyokuwa ikining'inia ukutani kiwandani: bei ya sabuni huku, katoni zilizotoka kule. Alikuwa ameijaza kwa mkono wake mara elfu. Kutoa katoni elfu kumi na nane hakuufanyi mche mmoja wa sabuni uwe wa elfu kumi na nane.

"Ni katoni," alisema.

"Ni kama katoni."

"Na kistari?"

"Siku hiyo hakuna aliyeuza wala aliyenunua. Bei imebaki palepale, arobaini na mbili. Hakuna aliyekufa."

"Tumeshapokea chai ya watu," alisema Bibi.

Mama Pacha bado alikuwa anaangalia 18,600. "Kwa nini Jumatatu ziliuzwa nyingi hivi, halafu zikakauka?"

"Waliopunguzwa kiwandani. Walipanga foleni mpaka kwenye ngazi. Wengi walikuwa na shida, wakauza siku ileile waliyopata karatasi."

Ile namba iliyomnunulia mumewe suti na Bibi meno, kumbe ilikuwa wenzake. Yule wa glavu ya kushoto alikuwa humo ndani, bila shaka, na yule mwenye ugonjwa wa kifua, na yule aliyekuwa akiimba kwenye mashine ya kukata. Mama Pacha aliweka kidole juu ya namba hiyo kwa muda, kisha akakiondoa.

"Nifundishe na hiyo skrini," alisema.

Karani alimfundisha. Kushoto walikaa wanaotaka kununua, kila mmoja na bei anayotoa. Kulia wanaotaka kuuza, kila mmoja na bei anayotaka. Katikati kulikuwa na pengo, na biashara ilifanyika pale tu mmoja aliposogea kwa mwenzake. Ilikuwa kama sokoni kwenye nyanya, ila hakuna aliyeruhusiwa kuzibonyeza. Ukutani kulikuwa na mchoro wa vijiti vya kijani na vyekundu, na Bibi aliutilia shaka tangu alipoingia.

"Ile ni mishumaa, Bibi," alisema karani. "Kila mshumaa ni siku moja. Ukiwa wa kijani, bei ilifunga juu ya ilipofungulia. Mwekundu, ilifunga chini. Huo utambi wa juu na wa chini unaonyesha bei ilifika wapi na wapi."

"Mbona utambi uko pande zote mbili? Unawashia wapi?"

"Hauwashwi, Bibi."

"Basi umeme ukikatika hapa hamna faida."

Karani alitafuna karanga. "Kitu kimoja zaidi. Hiyo skrini ya mabenchi imechelewa dakika kumi na tano. Inayoonyesha ya sasa hivi ni hii yangu, inalipiwa."

Mama Pacha alipiga hesabu nyuma ya bahasha. Arobaini na mbili mara elfu moja na mia mbili: elfu hamsini na mia nne. Kamisheni ya ofisi asilimia mbili, kwa hiyo mkononi elfu arobaini na tisa na mia tatu tisini na mbili. Kibanda elfu tisini. Aliikunja bahasha ikawa ndogo sana, akashukuru.

Nyumbani, Fundi alipoambiwa kwamba hisa si sifuri alitoa kichwa nje ya shuka. Alipoambiwa ni arobaini na mbili alikirudisha. Baadaye kidogo alikitoa tena.

"Mama Pacha."

"Nini?"

"Tajiri nilimfundisha vilevile nilivyokufundisha wewe."

*

Ijumaa walikwenda kuuza. Mama Pacha alikuwa ameamua: atauza zote, ajaribu kumlipa Tajiri nusu na kumwomba amsubirie nusu, ingawa alijua jibu. Fundi alivaa koti jipya la kijivu juu ya suruali yake ya kazi yenye grisi, kwa sababu fundi cherehani alikataa kulipokea tena.

Tajiri alikuwa ameshafika. Alikuwa amesimama dirishani na mfuko wa nailoni uliojaa noti za bafuni, nyingine bado zina unyevu.

"Nataka hisa elfu mbili za sabuni," alikuwa akimwambia karani kwa sauti ambayo feni haikuweza kuizima. "Bei yoyote."

"Bei ya kufunga ilikuwa arobaini na mbili, bwana."

"Binti, usinipe namba za mstari. Mimi jibu nalijua."

"Bwana, ile ni idadi ya—"

"Mimi nina vibanda vinne."

Mama Pacha alisikia masikio yakimchoma. Angeweza kukaa kimya. Hakuna sheria iliyomlazimisha. Alikwenda mpaka dirishani.

"Shemeji, nisikilize. Baba Pacha alikosea. Safu ya mwisho si bei. Hisa ni arobaini na mbili."

Tajiri alimtazama, akatabasamu kama mtu aliyemkamata mtoto na mkono kwenye sukari. "Shemeji, mtu mwenye kitu cha elfu kumi na nane akimwambia mnunuzi kwamba ni cha arobaini na mbili, huyo anataka mnunuzi aondoke."

"Nakwambia kweli. Mimi mwenyewe nimekuja kuuza."

"Ndiyo. Jana mlilia, leo mnauza. Tajiri ananunua watu wanapolia." Aliugeukia ukumbi ili wote wasikie. "Andikeni hiyo!"

Hakuna aliyeandika. Karani alitimiza agizo. Upande wa wauzaji asubuhi hiyo walikuwapo watatu tu: wa kwanza na hisa mia mbili kwa arobaini na mbili, wa pili na mia na hamsini kwa arobaini na tano, wa tatu na mia tatu kwa hamsini. Tajiri aliwameza wote. Baada ya hapo upande wa kulia ukabaki mtupu.

"Zimekwisha," alisema karani. "Umepata mia sita na hamsini."

"Zimekwisha vipi? Toa hamsini na tano. Toa sitini!"

"Hakuna muuzaji, bwana."

"Sabini!"

Mama Pacha alimvuta mkono wa shati. "Shemeji, hii ni mara ya tatu nakwambia. Ni mara ya mwisho. Usifanye hivyo. Utaumia."

"Wivu," Tajiri alimwambia Fundi, mwanaume kwa mwanaume. "Umeoa mwanamke mwenye wivu."

Mama Pacha alirudi kwenye benchi. Alikunjua bahasha yake, akaandika pole pole. Kisha akasimama nyuma ya mtu mmoja kwenye foleni ya dirisha la pili, na zamu yake ilipofika, karani akahamia pale.

"Uza zote," alisema. "Sabini na saba."

Karani alimtazama juu ya miwani. "Mama, ukumbi mzima umesikia. Huyu hata mia atatoa."

"Nahitaji kibanda. Sihitaji ghorofa." Alimwonyesha bahasha: sabini na saba mara elfu moja na mia mbili, elfu tisini na mbili na mia nne, toa kamisheni, elfu tisini na mia tano hamsini na mbili. "Nimejaribu na sabini na tano. Kamisheni inakula mpaka kibanda kinakosa paa."

Karani alibonyeza. Akarudi dirisha la kwanza.

"Bwana, amejitokeza muuzaji. Elfu moja na mia mbili, kwa sabini na—"

"Chukua!"

"Sijamaliza kutaja."

"Chukua nimesema!"

Mashine ndogo ikalia, ikatoa karatasi mbili. Moja ikaenda dirisha la kwanza na nyingine dirisha la pili. Mama Pacha akaikunja yake mara mbili na kuiweka kifuani. Pesa zingeingia baada ya siku tatu za kazi, karani alisema, yaani Jumatano.

Alirudi kwa mumewe. Fundi alikuwa ameganda kwenye benchi la mbele, macho kwenye skrini kubwa, jasho linamtoka ndani ya koti.

"Twende."

"Nyamaza kwanza. Iko arobaini na mbili, haisogei."

"Baba Pacha, nimeshauza."

"Utauzaje wakati haijapanda? Kaa!"

Mama Pacha alikumbuka dakika kumi na tano. Akakaa. Hakuwa na haraka. Baada ya muda skrini ilionyesha arobaini na tano, kisha hamsini, na Fundi akasimama juu ya benchi. "Panda! Panda, mama!" Watu wa nyuma, ambao hawakuwa na hisa hata moja ya sabuni, walianza kupiga makofi. Ilipotokea sabini na saba Fundi alirusha mikono yote miwili juu, na bega la koti jipya likafumuka kwa sauti iliyosikika mpaka kwa karani.

"Sasa uza!" alimpigia kelele mkewe. "Kimbia, uza!"

Mama Pacha alimwonyesha karatasi. Fundi aliisoma, akaitazama saa iliyochapwa juu yake, akaitazama skrini. Akashuka kwenye benchi taratibu, mguu mmoja baada ya mwingine.

*

Alhamisi Tajiri alikuja kibandani na mkataba. Hakuja na baiskeli, alitembea. Mama Pacha alikuwa ndani na mumewe, na Bibi alikuwa nje kwenye kigoda, kwa sababu hakukuwa na nafasi ya watu watatu. Bibi alimpisha Tajiri kigoda chake, naye akakikalia bila kubisha.

Mama Pacha alimhesabia elfu tisini. Tajiri alizipokea, hakuzihesabu.

"Jana nilikwenda kuziuza," alisema. "Nilimwambia yule binti, uza elfu kumi na nane kila moja. Alitoka nyuma ya kioo. Akanikalisha. Akanipa karanga."

Fundi aliinamia boksi la misumari.

"Hiyo pesa," Tajiri aliendelea, akizigusa noti, "ilitoka bafuni kwangu. Ikaenda kule ghorofani. Ikazunguka. Ikaja kwako. Sasa imerudi kwangu."

"Ndiyo, shemeji," alisema Mama Pacha.

"Noti nyingine nazijua kwa sura."

"Inawezekana."

"Kila kitu kimerudi. Isipokuwa kibanda."

"Kibanda hakijarudi," alikubali Mama Pacha.

Tajiri alivuta pumzi. Alitazama mabati, mashine ya kuchonga funguo, Fundi aliyejifanya anatafuta kitu kwenye boksi la misumari. Wote walidhani atavunja mapatano, na Bibi alikuwa ameshashika fimbo yake vizuri. Lakini Tajiri alikuwa ametaja bei kwa mdomo wake mwenyewe, na hakuwa na la kusema ambalo lisingemrudisha kwenye aibu ya safu ya mwisho. Akaweka sahihi.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua tu.

"Nilikuambia mara tatu."

"Ungeniambia ya nne. Ya nne ningesikia."

Mama Pacha alitaka kucheka, akaona uso wake, akaacha. "Usiziuze sasa," alisema. "Ukipita kinyozini kila asubuhi, mwombe gazeti kabla hajanyoa mtu. Angalia safu ya nne. Ikifika pazuri, njoo tuhesabu pamoja. Sitakutoza."

Tajiri alitikisa kichwa polepole kukubali. Alizisukuma noti mfukoni, akasimama, akapiga hatua mbili, akarudi.

"Wewe umefungasha pale miaka kumi na tisa," alisema. "Sasa mimi ni mwenye kampuni, niambie ukweli. Ile sabuni ni nzuri?"

Mama Pacha alifikiri. Alikuwa amemwambia mtu huyu ukweli mara tatu kwa siku moja, na ilikuwa kazi kubwa.

"Ina harufu nzuri, shemeji," alisema.